Moshi wa bidhaa uandikwe kwa nani?

Chuma kikiyeyushwa China na kununuliwa Ujerumani, moshi wake unaingia kwenye hesabu ya China. Ndivyo ripoti zinavyoandikwa chini ya mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa: kila nchi inahesabu gesi zinazotoka ndani ya mipaka yake, si zile zilizotolewa kutengeneza vitu inavyonunua. Takribani robo ya hewa ya ukaa ya dunia imo ndani ya bidhaa zinazovuka mipaka. Kwa hesabu hiyo, nchi inaweza kufunga viwanda, ikaagiza kila kitu nje, kisha ikajisifu kwamba imejisafisha.

Hapo wanaoilaumu biashara ya kimataifa wana hoja nzito. Lakini wengi wao hukimbilia umbali, kana kwamba kosa la bidhaa ni safari yake, na hapo ndipo tunapoachana. Meli hubeba zaidi ya asilimia 80 ya shehena ya biashara ya dunia, na hutoa karibu asilimia 3 tu ya gesijoto. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield walilinganisha waridi za Kenya na za Uholanzi zinazouzwa Uingereza. Za Kenya zilisafirishwa kwa ndege, usafiri mchafu kuliko wote, na bado zilitoa hewa ya ukaa kidogo zaidi. Zilikuzwa kwa jua. Za Uholanzi zilipashwa joto na kumulikwa taa ndani ya mabanda ya vioo.

Biashara hiyohiyo imeshusha bei ya paneli za jua kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, ingawa viwanda vinavyozitengeneza bado vinategemea sana umeme wa makaa ya mawe.

Basi kinachopaswa kubanwa ni namna kitu kinavyozalishwa, na Ulaya imeanza kubana. Sheria yake ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kujua kahawa au kakao imetoka shamba gani hasa. Mfikirie mkulima mwenye ekari mbili: amesimama pembeni mwa shamba, simu mkononi, na chini ya miti ya kivuli simu inasitasita kuonyesha mahali ilipo. Anasogea, anajaribu tena. Miti hiyo ndiyo inayotakiwa ilindwe, lakini kazi yote hiyo haimwongezei senti kwenye kilo. Mfumo wa Fairtrade, nembo ya biashara ya haki kwa wakulima, angalau unaanzia kwenye bei: tangu Agosti 2023 kahawa ya arabika iliyooshwa haishuki chini ya dola 1.80 kwa ratili, pamoja na senti 20 za nyongeza kwa ushirika. Udhaifu wake ni kwamba ni hiari. Mnunuzi asipotaka, hakuna wa kumlazimisha.

Ada ya kaboni mpakani ni ya lazima. Kuanzia Januari 2026 saruji, chuma, alumini na mbolea zinazoingia Umoja wa Ulaya zina gharama ya moshi uliotoka zilipotengenezwa. Naiunga mkono nia yake: kiwanda kinacholipia uchafuzi kisiangushwe na kisicholipa. Lakini hakuna msamaha hata kwa nchi maskini zaidi. Msumbiji, ambayo kwa miaka mingi alumini ilikuwa nguzo ya mauzo yake Ulaya, inapimwa kwa mizani ya mataifa yaliyotajirika kwa makaa ya mawe, na makusanyo yanabaki Ulaya. Hilo silioni kuwa haki.

Ulaya hujibu kwamba nchi inayotoza ada yake ya kaboni nyumbani itapunguziwa mpakani, hivyo fedha zibaki kwake. Kwa nchi yenye wataalamu wa kupima moshi wa kila tanuri, jibu hilo linatosha. Kwa isiyo nao, fedha za kuwafundisha, kununua vipimo na kubadili mitambo zitolewe kwenye makusanyo hayohayo, na zitolewe mapema, kabla wanunuzi hawajahamia kwa wauzaji wengine.