Daftari la Kaptagat

Kila Januari makundi ya WhatsApp hujaa maazimio, na kumbi za semina za hamasa hujaa watu waliolipa kiingilio ili waambiwe kwamba wanaweza. Sina ugomvi na hamasa, lakini naona tumeipa kazi isiyoiweza, kwa kutaka msisimko wa saa mbili ubebe mwenendo wa mwaka mzima. Kwa maoni yangu, mtu hukua kwa jambo dogo analolirudia katika saa inayojulikana, akiwa pia na kituo kifupi cha ukimya cha kujikagua. Vyote viwili vinahitajiana: tafakuri isiyo na saa yake huahirishwa hadi isahaulike, na zoea lisilokaguliwa linaweza kumrudisha mtu nyuma miaka na miaka bila yeye kujua.

Mfano ninaoupenda uko Kaptagat, karibu na Eldoret, katika nyanda za juu za Kenya ambako mwinuko unapita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Dunia inamfahamu mkimbiaji wa marathoni Eliud Kipchoge kwa namba: saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, katika mbio ambazo hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, saa 2:01:09 mjini Berlin mwaka 2022, rekodi iliyodumu hadi Kelvin Kiptum alipoivunja Chicago mwaka uliofuata, na dhahabu mbili za marathoni ya Olimpiki. Kinachonivutia mimi ni maisha ya kambi yake ya mazoezi huko Kaptagat, ambayo kwa kweli yanachosha kuyasimulia. Mtu mwenye jina la kiasi hicho, na mwenye nyumba na familia mjini Eldoret, amekaa miaka mingi akiishi kambini siku za juma na kurudi kwake mwishoni mwa wiki, akishika zamu ya usafi pamoja na wenzake, vyoo vikiwemo. Mazoezi yana siku zake, na juma linalofuata hurudi yale yale.

Kisha lipo daftari. Baada ya mazoezi Kipchoge huandika kwa mkono kilomita alizokimbia, muda aliotumia, kukandwa misuli, viatu alivyovaa na jinsi vilivyomkaa mguuni. Ameyafanya hayo tangu enzi za ujana wake wa riadha. Kocha wake, Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992, alianza kumpa programu za mazoezi Kipchoge akiwa kijana tu wa jirani aliyekuja kuomba. Aliyeomba programu alirudi baada ya kuitimiza, akaomba nyingine, na nadhani tabia nzima ya mtu huyu imo katika kule kurudi.

Naamini daftari linafanya kazi ambayo kukaa kimya peke yake hakuwezi, kwa sababu kumbukumbu ya mtu ina upendeleo mkubwa kwa mwenyewe. Chukua kaunta buku ya kawaida, na kila usiku andika mistari mitatu: ulichokusudia, kilichotokea, na kilichokuzuia. Ukikuta katika ukurasa mmoja umeandika mara tano kwamba hukusoma kwa sababu ya uchovu, na kando yake umekiri kuwa simu ilikuwa mkononi hadi saa sita usiku, hutahitaji mhamasishaji wa kukueleza tatizo liko wapi. Wenye dini wanalijua hili zamani. Waislamu hufundishwa kuihesabu nafsi kabla ya siku ya kuhesabiwa, na pia kwamba amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa kidogo. Wajesuti nao, watawa wa Kanisa Katoliki, tangu karne ya 16 hutenga muda wa kuipitia siku yao katika sala. (Sisi wa leo tunanunua programu ya simu itukumbushe kutulia, na programu hiyo hiyo inatutumia matangazo.)

Kuhusu zile siku 21 zinazotajwa kila mahali kuwa zinatosha kujenga tabia, ni vizuri ziachwe. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watu 96, ulionyesha kwamba muda wa jambo kufanyika bila kujilazimisha ulikuwa kati ya siku 18 na 254, na thamani ya katikati ikiwa 66. Ulionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kwa kiasi kikubwa kilichokwisha kujengwa, jambo ambalo wengi wetu tungefaidika kulijua kabla ya kuyatupa maazimio yetu katika wiki ya pili ya Februari.

Nitaambiwa kwamba ukimya ni anasa ya wenye nyumba kubwa. Hoja hiyo ina uzito, kwani familia inayoishi katika chumba kimoja cha kupanga, redio ya jirani ikisikika ukutani, haiwezi kuambiwa itafute kona tulivu. Ndiyo maana naona tutafute saa kabla ya kutafuta mahali. Mama anayeamka saa kumi usiku kukanda unga wa maandazi ana dakika kumi za kusubiri unga uumuke wakati wengine wamelala, na anayetoka kuswali alfajiri ana njia ya kurudi nyumbani kabla bodaboda hazijaanza. Dakika hizo haziombi gharama yoyote isipokuwa simu ibaki mfukoni.

Nisingependa, hata hivyo, daftari liuzwe kama hirizi ya ushindi. Katika marathoni ya Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, Kipchoge aliacha mbio baada ya kilomita 30 kwa maumivu ya mgongo, na wapo waliouliza nidhamu yote ile ilimsaidia nini. Wanaouliza hivyo wanadhani mazoea yalikuwepo kwa ajili ya medali, na kwamba medali ikikosekana hayana kazi tena. Yeye alirudi mazoezini, na mwezi Aprili 2025, akiwa na umri wa miaka 40, alikimbia London na kumaliza wa sita.