Diamox mlimani: je, kidonge huficha ugonjwa?

Kabla ya safari ya mlima mrefu, swali halikosekani: tunywe asetazolamidi, dawa ya kukinga ugonjwa unaoletwa na uhaba wa oksijeni mlimani, ile inayofahamika zaidi kama Diamox, au tuuachie mwili uzoee wenyewe? Wanaoipinga husema huficha dalili, mtu akajiona mzima kumbe anaumwa. Wanaoitetea, baadhi yao, huifanya kibali cha kupunguza siku za safari. Pande zote mbili zimekosea, ila kosa la hawa wa pili ndilo la hatari zaidi.

Hoja ya kuficha kwanza. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa hushuka. Kwenye mita 5,500 ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Mwili hupumua kwa kasi ili kufidia. Lakini kasi hiyo hutoa kaboni dioksidi nyingi, damu huzidi ualkali, na ubongo hubana pumzi, hasa usingizini. Ndiyo maana mwenzako hemani anahema, ananyamaza kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha anashtuka na kuvuta pumzi ndefu. Figo husawazisha hali hiyo kwa kutoa bikaboneti, yaani kemikali yenye ualkali, kwenye mkojo, kazi inayochukua siku kadhaa. Asetazolamidi huifanya ianze mapema. Haifuniki kitu, inauharakisha mwili kuzoea.

Dawa inayostahili lawama ile ni deksamethasoni. Yenyewe hutuliza dalili bila kuuzoesha mwili, na mtu akiikatiza akiwa bado juu, dalili zinaweza kurudi kwa nguvu. Watu huchanganya dawa hizi mbili mno.

Wapinzani wana haki kwenye suala la maudhi. Kinga ya kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidonge vingi ni vya miligramu 250, hivyo hukatwa nusu. Anayemeza kizima huongeza usumbufu pasipo sababu: vidole na midomo kuchomachoma, soda kuwa na ladha mbovu, na kutoka hemani usiku wa baridi kwenda kukojoa. Mwenye mzio wa dawa za salfa, ugonjwa wa figo au mimba amwone daktari kwanza. Wengine nao, wakishauriana naye, waijaribu siku mbili nyumbani. Mlimani si mahali pa kugundua kwamba dawa haipatani nawe.

Sasa hawa wa kupunguza siku. Juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku 3 au 4 pawe na siku ya kupumzika. Mchana unaweza kupanda zaidi, mradi urudi kulala chini. Hakuna kidonge kinachofuta hesabu hii. Asetazolamidi hupunguza uwezekano wa kuugua, haiuondoi, na haitegemewi kuzuia maji kujaa kwenye mapafu, ambayo hupata hata mtu ambaye kichwa hakikumuuma. Siku zikiwepo, ongeza siku. Ratiba ikiwa imebana na haibadiliki, hapo kidonge kina maana, na kukikataa kwa ajili ya ushujaa hakuna faida.

Aliyemeza na asiyemeza wapimwe sawa. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, asipande hata mita moja mpaka dalili ziishe, zikizidi, ashuke. Mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akipepesuka, au akihema ilhali ameketi, ashushwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, angalau mita 300 na kuendelea hadi apate nafuu. Asiachwe ashuke peke yake, wala kusubiri kuona kama kidonge kingine kitamsaidia.