Jahazi Linatunzwa kwa Kufanya Kazi

Kila likizuka suala la kuhifadhi majahazi ya Lamu, pendekezo ni lile lile: litafutwe jahazi moja kuukuu, livutwe pwani, lijengewe banda na liwekewe kibao cha maelezo ili wageni wapige picha. Wanaolitoa wana nia njema. Mimi nalipinga, na sababu yangu ya kwanza ni ya useremala. Mbao za chombo kinachoelea zimefura kwa maji, na kule kufura ndiko kunakozibana. Kipandishe nchi kavu, kipigwe na jua mwezi baada ya mwezi, uone: mbao zinasinyaa, pamba iliyo kati yake inalegea, misumari inacheza kwenye matundu yake. Rangi kwa nje itameta, lakini siku ukikirudisha majini kitavuja kama tenga.

Tusisahau pia kwamba jahazi halikuundwa liwe pambo. Ni chombo cha mizigo, na kwa Lamu mzigo wenye jina ulikuwa boriti za mikoko. Ukiingia nyumba za mawe za Lamu au Unguja utakuta vyumba virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari limebebwa na boriti, na boriti ina urefu wake, huwezi kuivuta. Boriti hizo hizo zilivuka hadi Uarabuni na Ghuba, vyombo vikienda na upepo wa kusi na kurudi na ule wa kaskazi, vikileta tende na samaki wa chumvi. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na mafundi wengi walipungukiwa na sababu ya kuunda vyombo vikubwa. Majahazi yaliyobaki yalihamia kazi za karibu: mawe ya kujengea kutoka Manda Maweni, mchanga, saruji, makuti.

Kazi hizo za karibu ndizo zilizoyaweka hai. Jahazi linalobeba mawe lina mwenyewe anayeumia likivuja, kwa hiyo bamvua, yale maji makuu ya mwezi, likifika jahazi halipuuzwi. Hupandishwa mchangani maji yakiwa yamejaa, hutegemezwa kwa magogo, na maji yakitoka fundi huanza kuparua chaza na majani ya bahari. Kisha huwashwa makuti makavu, moto ukapitishwa chini ya chombo kuua funza wanaotoboa mbao. Moto ukikaa mno unaunguza, ukipita upesi funza wanabaki, na kipimo chake hakijaandikwa popote. Baada ya hapo ni kalafati. Pamba inasokotwa, inalowekwa mafuta, inasukumwa kati ya mbao kwa chembeu na nyundo, kidogo kidogo. Fundi anasikiliza. Mahali palipo wazi panaitika kwa sauti ya uwazi. Pamba ikijaa sauti inakuwa nzito, naye anasogea mbele bila hata kuangalia. Mwisho chombo hupigwa deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu, na maji yakirudi kinaelea.

Ubao uliooza hung'olewa ukatiwa mwingine. Taruma, ubavu wa chombo, likivunjika huchongwa jipya kwa tezo, na fundi mzuri hatafuti mti ulionyooka: anatafuta mlilana, aina ya mkoko, uliojipindia wenyewe kwa kiasi anachokitaka. Baada ya miaka mingi huenda mbao nyingi za mwanzo zikawa zimeshakwenda, na hakuna mtu wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo cha Lamu, atakayekwambia kwamba jahazi hilo si lile. Ndiyo maana huwa sielewi mkazo unaowekwa kwenye “mbao za asili” katika miradi ya uhifadhi. Kinachoweza kupotea kweli ni yule fundi wa pamba, na huyo hana banda linalomtosha.

Mtepe ulipotea hivyo. Chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari wa chuma, kikiendeshwa na tanga la mkeka, kilitoka baharini katika karne iliyopita kwa sababu hakikuwa tena na wa kukipakia mzigo. Baadaye mmoja ukaundwa upya na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba la sultani lililokuwa makumbusho, Unguja. Ulikuwa kazi nzuri, sikatai. Lakini hakuna nahodha anayeuagiza wa pili. (Na jumba lenyewe liliporomoka sehemu yake mwaka 2020, kwa hiyo hata kuta za sultani si dhamana.)

Wapo watakaosema jahazi lililofungwa injini, mlingoti ukafupishwa, limeshakuwa kitu kingine. Mimi siwaungi mkono. Injini inamwezesha mwenyewe kulilipia kalafati. Hata Flipflopi, chombo cha plastiki iliyorejelezwa kilichozinduliwa Lamu mwaka 2018, kiliundwa na mafundi walewale waliolelewa kwenye mbao, wakitumia umbo lilelile. Ujuzi wao ulihamia plastiki kwa sababu walikuwa bado wako kazini.

Mwaka huo huo wa 2018 serikali ilizuia ukataji wa miti kwenye misitu ya umma, na wakata mikoko wa Lamu wakakaa bila kazi. Mikoko inahitaji kulindwa, hilo silibishi. Lakini milango michache iliyopimwa vizuri haimalizi msitu: kibali cha mililana ya mataruma, kwa fundi anayejulikana, kwa chombo kinachojulikana. Na mwenye fedha za mradi wa kuhifadhi, badala ya kununua banda, amlipe kijana posho ya kukaa miaka miwili chini ya fundi, maana wenzake wako kwenye bodaboda wanakopata pesa ya siku hiyo hiyo. Serikali ya kaunti nayo ina saruji na mawe ya kupeleka visiwani kila mwaka. Ipakie majahazi.