Rana Kumbha hakuwa na adui mmoja tu

Rana Kumbha (rana ni mfalme) aliutawala ufalme wa Mewar, katika jimbo la Rajasthan la India ya leo, kuanzia 1433 hadi 1468. Anayeusoma wasifu wake mtandaoni hukutana na hadithi ile ile: shujaa wa Kihindu aliyewazuia masultani Waislamu. Alipigana nao kweli, tena mara nyingi. Ila ukiishia hapo, mtu mwenyewe humwoni.

Angalia alivyokipata kiti. Baba yake, Mokal, aliuawa na Chacha na Mera, watu wa ukoo wake mwenyewe. Kumbha alikuwa kijana mdogo, na aliyekuja kumlinda ni Ranmal, mkuu wa ukoo wa Warathore wa Marwar, nchi jirani, kaka wa bibi yake. Ranmal akawasaka wauaji. Kisha mlinzi akanogewa: jamaa zake wakajaa vyeoni, na wakubwa wa Mewar wakaanza kujiuliza mwenye nyumba ni nani. Mwaka 1438 akauawa palepale Chittor, mji mkuu wa Mewar. Mwanawe Jodha akaponea chupuchupu, na mwaka 1459 akaanzisha mji wa Jodhpur. Haya yote ni ya Warajputi, koo za wapiganaji wa Kihindu, kwa Warajputi.

Ya Nagaur, mji jirani wa Mewar, nayo ni kiroja. Wagombea wawili Waislamu walikuwa wakiugombania utawala wa huko, na mmoja wao, Shams Khan, akamwendea Kumbha kuomba msaada. Akasaidiwa, akatawala, kisha akakataa kubomoa ngome kama walivyoafikiana. Vita ikaanza upya, Shams Khan akakimbilia usultani wa Gujarat. Dini hapo iko wapi? Naona jirani mwenye nguvu anayedai chake.

Kisha kuna ule mnara wa ushindi wa Chittor, Vijay Stambha, wa ghorofa 9 na urefu wa mita 37 hivi, uliokamilika 1448. Unahusishwa na ushindi wa Kumbha dhidi ya Mahmud Khalji, sultani wa Malwa. Kinachosahaulika ni kwamba Mahmud naye alijenga mnara wake Mandu, mji wake mkuu, wa ghorofa 7, kujisifu kuwa ameishinda Mewar! Wa Mandu ulianguka, umebaki msingi. Nashuku mafundi wa Chittor wana mchango mkubwa kuliko askari katika kuamua leo tunamwita nani mshindi. Tena ndani ya mnara huo, pamoja na miungu ya Kihindu, limechongwa jina la Allah kwa herufi za Kiarabu.

Mimi Kumbha ninayempenda ni yule wa mafundi na vitabu. Mandan alimsanifia Kumbhalgarh, ngome yenye ukuta wa kilomita 36 hivi. Chini ya utawala wake, mfanyabiashara wa dini ya Kijaini, Dharna Shah, alijenga hekalu la marumaru la Ranakpur, na kwangu hilo ndilo jengo zuri kuliko yote ya zama zake. Mwenyewe Kumbha anatajwa kuwa mwandishi wa Sangita Raja, kitabu kinene cha Kisanskriti kuhusu muziki. Kupata muda wa kuandika juu ya sauti na ala huku umezungukwa na maadui!

Mwaka 1456 masultani wa Malwa na Gujarat walikubaliana mjini Champaner wamshambulie pamoja na wagawane nchi yake. Walishindwa. Aliyemuua Kumbha, mwaka 1468, ni mwanawe Uda, aliyekitaka kiti. Wakubwa wa Mewar hawakumvumilia: kufikia 1473 walikuwa wamemng'oa na kumweka ndugu yake, Raimal.