Kabla ya bei ya bresi, uliza ya ritena

Ukivaa bresi, vile vyuma vya kupanga meno, hapa Nairobi ukiwa mtu mzima jua utaulizwa maswali na kila mtu, kuanzia makanga mpaka mashangazi kwenye ruracio, ile sherehe ya mahari. Inauma? Ni pesa ngapi? Si hizo ni za watoto wa shule? Mi hujibu tu, lakini kusema ukweli naona watu wanauliza sana ya kufungwa na wanasahau ya kufunguliwa, na huko kwa kufunguliwa ndio pesa yako inaweza kupotea yote usipovaa ritena, kile kifaa cha kushikilia meno yasirudi yalikotoka.

Haya, uchungu kwanza maana ndio unaogopesha wengi. Siku ya kufungwa yenyewe haiumi, ni gundi na taa ndogo ya bluu na mdomo kuchoka kuachama. Shida inaanza usiku, alafu siku tatu nne hivi ni uji na viazi vya kuponda, baadaye inapoa, na inarudi kidogo kila ukienda kukazwa, yaani kila wiki nne mpaka nane hivi. Kinachofanyika huko ndani ni kwamba waya unasukuma jino, upande linakoelekea mfupa unaliwa polepole na upande linakotoka mfupa mpya unajengeka, sasa hiyo si kazi ya kuharakisha, wengi humaliza mwaka mmoja na nusu ama miwili, wengine zaidi, na ukiona mtu TikTok anaahidi kila mtu miezi mitatu, we pita. Mfupa wa mtu wa miaka 40 pia hujengeka, kwa hivyo umri si shida, shida ni fizi. Kama zinatoka damu kila ukipiga mswaki hiyo inatibiwa kwanza.

Chakula nacho, bana. Mahindi choma ya barabarani yenye ndimu na pilipili bado unakula, ila unayapukuchua kwa kidole punje moja moja huku mama wa jiko anakuangalia tu anashindwa una shida gani. Miwa na njugu ngumu sahau, breketi, kile kidude kimegandishwa kwa jino, itang'oka na utarudi kliniki kabla ya siku yako. Soda na vitu vitamu ndio vibaya zaidi, sukari inakaa pale kando ya breketi, usipopiga mswaki vizuri siku bresi zikitoka unabaki na madoa meupe kwa meno, na hayo hayaendi kwa mswaki. Na wale wa meno ya kahawia sababu ya floraidi ya maji, Nakuru huko na sehemu za Kiambu, bresi zinapanga meno tu, rangi haziguzi, na gundi inaweza kushika kwa taabu kwa meno kama hayo.

Kitu kimoja kinaniudhi ni hizi raba ndogo watu wanajivalisha nyumbani kufunga mwanya. Mzizi wa jino umechongoka kuelekea juu ndani ya fizi, so ile raba inateleza, inapanda chini ya fizi, huioni tena, inakula mfupa mpaka jino zima lenyewe linaanza kucheza. Na kwanza mwanya una shida gani? Huku kwetu mwanya ni urembo, uache.

Bei sitataja, inategemea kliniki na mdomo wako, na kava nyingi za bima zinaita bresi urembo kwa hivyo usitegemee sana. Ila jua daktari wa meno wa kawaida na othodontisti si kitu kimoja, huyu wa pili amesoma miaka mingine juu ya kupanga meno tu. KMPDC, lile baraza linalosajili madaktari Kenya, wana rejista mtandaoni, tafuta jina lake kabla hujatuma deposit kwa M-Pesa.

Sasa ritena. Bresi zikitoka meno bado yanataka kurudi yalikotoka, nyuzi za kwa fizi zimevutwa na mfupa bado ni mchanga, na hata bila hiyo meno ya binadamu husonga maisha yote. Kwa hivyo unavaa ritena, mara nyingi mchana na usiku miezi ya kwanza, baadaye usiku tu, na huo usiku tu hauna mwisho kama unataka yabaki hivyo. Watu wengi hawaambiwi hivi mapema, wanapost ile picha ya kucheka bila vyuma, ritena inakaa kwa droo, baada ya muda ukijaribu kuivaa haiingii. Wengine wanaiacha kwa hoteli ikiwa imefungwa kwa serviette, weita anafuta meza anaitupa na mifupa ya kuku. Wengine wanaiosha na maji ya moto, ile ya plastiki inajikunja basi, imekufa.

Kwa hivyo ukipiga simu kliniki, uliza: hiyo bei mnanipea ina ritena ndani? Ikipotea nyingine ni ngapi? Mtaniona mara ngapi baada ya kutoa? Kama hawana jibu piga kliniki inayofuata.