Kilimanjaro: tunalilia barafu, maji yako msituni

Kila mwaka lazima izunguke ile picha ya zamani ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, imejaa weupe, pembeni yake picha ya saivi vimebaki viraka, na chini watu wanaandika kwamba barafu ikiisha basi na mito inakauka na Moshi tumekwisha. Nusu ya kwanza ni kweli kabisa. Mwaka 1912 barafu ya mlima ilikuwa kama kilomita za mraba 12, kufika 2011 ilikuwa haifiki hata 2.

Sasa kwanini inaisha, hapo ndo wanasayansi wenyewe walivutana. Lonnie Thompson, Mmarekani, alitoboa barafu pale juu mwaka 2000 akatoa vipande virefu, cha chini kabisa kikakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 11,000, na 2002 timu yake ikaandika kwamba kati ya 2015 na 2020 itakuwa imeisha. 2020 ikapita barafu bado ipo, watu wakacheka eti uongo mtupu. Mi naona si haki, mwelekeo walipatia, walichokosea ni tarehe, walichora mstari ulionyooka wakati mlima haufuati rula.

Upande wa pili, akina Georg Kaser, wanasema usikimbilie joto tu. Kule kileleni wastani wa joto uko chini ya sifuri, na ukiangalia zile kuta za barafu zilizosimama wima, jua linazila pembeni na barafu nyingi inageuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji. Kinachoiua zaidi kwa maelezo yao ni ukame ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1800, theluji mpya haishuki ya kutosha kufidia. Hoja ina nguvu, ila kuna waliokimbia nayo wakasema basi mabadiliko ya tabianchi ni porojo, kitu ambacho Kaser na wenzake hawakusema, maana mvua za huku zinategemea Bahari ya Hindi na bahari nayo inapata joto.

Ila kwa mtu wa Marangu au Machame anayesubiri zamu yake ya mfereji, huo ubishi haumwongezei hata ndoo. Maji yanayotoka kwenye barafu ni kidogo sana, kinacholisha chemchemi ni msitu: mvua inayopiga kwenye mteremko wa kusini na ukungu unaonaswa na miti ya juu iliyojaa ndevu ndevu za mimea. Andreas Hemp aliyeusoma huu mlima kwa miaka mingi ameonyesha moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu tangu miaka ya 70, na hasara yake kwa maji ni kubwa kuliko ya barafu. Huyo huyo ndo alipima kwenye bonde moja la mlima huu mti wa mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili inayojulikana Afrika, huku watalii wako bize na kilele. Na moto haujaacha, Oktoba 2020 ulikula zaidi ya kilomita za mraba 90 za mlima.

Ndo maana mi naona ishu nzito zaidi ni ile nusu maili, ukanda wa msitu uliotengwa tangu enzi za Mwingereza ambamo wanakijiji walikuwa wanachukua kuni na majani ya ng'ombe, 2005 ukaingizwa kwenye hifadhi na ruhusa ikaisha. Wanaoitetea hifadhi wana ushahidi, uchunguzi wa angani wa 2001 ulikuta mikulo, miti mikubwa ya mbao, imekatwa hovyo sehemu nyingi. Lakini ng'ombe wa Mchaga anafugwa bandani, majani lazima yaletwe, na anayeyaleta mara nyingi ni mama, ukimfungia msitu ataenda tu, tena kwa kuibia, na mtu anayeiba hatakwambia aliona moto unaanzia wapi.

Mi ningeruhusu majani kwa siku maalum, tena na wazee wanaosimamia mifereji ya maji wahusishwe, kuni nisingezigusa kwanza. Askari wa hifadhi watasema panga la majani ndo hilo hilo la kukata mti, na kusema ukweli hapo hawajakosea, so mzigo ukaguliwe mtu anapotoka.