Mzee wa Masjala

Tulimzika mwenzetu Jumamosi, kwao kijijini. Jumatatu saa mbili asubuhi kulikuwa tayari na mama mmoja mlangoni pa ofisi yetu hapa Nairobi akimwulizia. Alikuwa ametoka na basi la usiku, bahasha ya kaki ameikumbatia. "Aliniambia nirudi leo," akasema. Kweli alikuwa amemwambia. Tarehe niliikuta kwenye daftari lake, pamoja na nambari ya simu ya huyo mama na karatasi mbili alizokuwa amebakisha kuleta.

Watu wengi hawajui masjala, chumba cha mafaili ya ofisi, ni nini mpaka wafiwe. Kila mtumishi wa serikali ana faili wizarani kwake. Akistaafu, au akifa kazini, wizara ndiyo inayoandaa makaratasi ya pensheni na kuyapeleka Hazina: barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo. Mjane anakuja na cheti cha kifo, kitambulisho na barua ya chifu. Faili lisipoonekana, ni kama hajaja.

Yeye alihakikisha yanaonekana. Faili likitoka rafuni, pale lilipokuwa alichomeka kipande cha boksi alichokata mwenyewe, ameandika nani kalichukua na siku gani. Ukikaa nalo wiki mbili, anakufuata hadi mezani kwako, uwe karani uwe mkurugenzi, anasimama hapo kimya. Nimewahi kumwona bosi mzima akifungua droo kama mtoto aliyeficha sukari. Mafaili ya zamani yalikuwa juu kabisa, naye aliyafikia kwa kupanda kreti ya soda, leso amejifunga puani. Umri wa kustaafu ulipopandishwa kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009, sisi tulishangilia mshahara. Yeye alisema, "Vumbi miaka mitano tena."

Hakuwa mtu wa kuchekacheka, nisimpake mafuta. Alikuwa mkali, na kuna vijana aliowaliza. Lakini "rudi kesho" tupu, ile tuliyoizoea kwenye kaunta za mji huu, sikumsikia akimwambia mtu hata siku moja. Alikutajia siku, akakwambia kinachokosekana, na kikipatikana mapema alikupigia kwa salio lake mwenyewe. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa upesi na kwa haki, na sababu za maandishi iwapo uamuzi umemuumiza. Sijui kama aliwahi kukisoma. Hatukuwahi kuzungumza habari za Katiba. Tulizungumza habari za panya.

Kaburini wakubwa walisimama mmoja mmoja wakasifu "kujitolea" kwake. Neno hilo lilinikera, na mpaka leo linanikera. Kujitolea ni kutoa usichodaiwa. Yule mama wa bahasha anadaiwa? Ni yeye anayetudai! Mwenzetu alilipa deni letu sote kwa salio lake na mapafu yake, na sisi tukaliita moyo wa pekee, ili asije mtu akauliza kwa nini madaftari mengine hayakuwepo. Mimi mwenyewe sikuwa nalo. Miaka yote nimekaa meza ya pili kutoka kwake.

Wiki iliyopita mkewe alikuja. Ana cheti, ana kitambulisho, ana barua ya chifu. Nilimkalisha kwenye kiti cha marehemu, nikamletea chai, nikashuka chini kutafuta faili nikijua nitalikuta limenyooka. Lilikuwa limenyooka kweli, kurasa zote zina nambari kwa mwandiko wake. Ila barua ya kuthibitishwa kazini haimo. Mtu aliyewatafutia wenzake barua za miaka ya sabini hakuwahi kujitafutia yake.

Nilipanda ngazi nikiwa na ile sentensi mdomoni, tayari kabisa. Shemeji aliniangalia tu. Nikavuta daftari, nikafungua ukurasa uliofuata baada ya mwandiko wake, nikaandika nambari yake ya simu, kinachokosekana, na Alhamisi. Leo ni Jumanne. Nimeshapekua rafu mbili, na leso nimeanza kubeba.